Tuliosimama Katikati

Kila kitu nahesabu mara mbili. Magunia ya mahindi yakishuka kwenye gari nahesabu, yakiingia kizimbani nahesabu tena, na bado namwuliza mpagazi amebeba mangapi, nione kama atanidanganya. Tabia hiyo imenilinda sokoni hapa Songea miaka mingi. Mara moja tu ilimwangusha mtu, na mtu huyo hakuwa amenikosea lolote.

Alikuwa jirani yangu wa mkono wa kushoto, mama mjane mwenye watoto watatu shuleni, akiuza maharage na dagaa wa Nyasa. Vizimba vyetu vilikuwa karibu na lango, pale mteja anapokukuta kabla hajachoka kuuliza bei. Mwaka ule mwenyekiti wa soko akatangaza kwamba safu ya vizimba kumi na viwili itahamishiwa eneo jipya, njia ya Mjimwema, kupisha maduka ya kudumu. Hakusema maduka ya nani. Safu ilianzia kwa jirani yangu. Mimi nilinusurika kwa upana wa nguzo moja.

Tulikwenda naye kuliona hilo eneo jipya. Tulikuta nyasi na mbuzi wawili. Tukasimama nusu saa kuhesabu wapita njia, nikapata saba. Mmoja alikuwa amerudi, nikamtoa.

"Hapa watoto wangu watakula nini, kaka?" aliniuliza. Nikamwambia labda mbuzi. Hakucheka. Njiani kurudi akasema atagombea uenyekiti, maana mwenye uwezo wa kuifuta orodha ya vizimba vya kuhamishwa ni mwenyekiti peke yake.

Mwenyekiti wetu alikuwa amekaa vipindi vitatu, viwili kati ya hivyo bila mpinzani. Si kwamba tulikuwa hatujafundishwa. Miezi michache nyuma walikuja vijana kutoka Dar, vitambulisho vikining'inia shingoni, kutupa elimu ya uraia. Walisema nchi inaiendea demokrasia hatua kwa hatua, kuanzia chini, wakachora ngazi ubaoni. Sisi wa sokoni tukawa kipandio cha chini kabisa. Mzee mmoja muuza ugoro akanyoosha mkono, akauliza, "Sasa mwanangu, ngazi yenyewe kaishika nani?" Wakacheka, tukagawiwa soda.

Kura zetu ni za kujipanga mstari nyuma ya mgombea. Zamani palikuwa na sanduku, likaleta ugomvi, mwenyekiti akashauri tuachane nalo. "Karatasi inaibika," alisema, "mtu haibiki." Tulimpigia makofi. Hatukufikiria kwamba mtu aliye mstarini anaonekana, na kwamba anayemwona ndiye anayegawa vizimba.

Jirani yangu alipita kizimba kwa kizimba wiki nzima. Kwangu alikuja mwishoni, kama mtu anayeacha nyumba ya ndugu iwe ya mwisho.

"Kaka, utasimama nyuma yangu?"

"Nitasimama, dada."

"Wa ngapi?"

Hapo nikakohoa kidogo. "Usinibane bwana. Nimesema nitasimama."

"Wa kusimama wa ishirini ninao wengi," akasema. "Natafuta wa kwanza."

Wapiga kura tulikuwa tisini na watatu. Walioahidi tuliwahesabu pamoja, mara mbili kama kawaida: hamsini na wanane. Nilimwambia aende kulala.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni. Watu wote walifika, hata waliokuwa na mahindi yao Namtumbo. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha plastiki, daftari gotini. Jirani yangu alisimama hatua thelathini kutoka kwake, kitenge kimefungwa vizuri, mikono mitupu. Msimamizi, kijana mwenye filimbi, akasema tujipange, na filimbi ikilia mistari imefungwa.

Watu wa mwenyekiti wakaenda haraka. Kwa jirani yangu akaenda mdogo wake, akaenda mzee wa ugoro, wakaenda wapagazi kadhaa. Sisi wengine tukabaki katikati, karibu na bomba la maji, mikono mifukoni. Wasiofanya biashara hawataelewa. Sokoni anayetaja bei ya kwanza ndiye anayeumia. Unakaa kimya, unamwacha mwenzako aseme, halafu unajua pa kuanzia. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na asubuhi ile kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake ataje.

"Vipi, husogei?" nikamwuliza muuza vitunguu aliyekuwa kando yangu.

"Nakuangalia wewe."

"Mimi nakuangalia wewe."

"Basi tuendelee kuangaliana," akasema, akapuliza viganja vyake.

Nikahesabu. Kwa mwenyekiti ishirini na wawili. Kwa jirani yangu kumi na tisa. Katikati hamsini na wawili, mimi nikiwemo. Tukisogea wanne tu, kazi imekwisha. Jirani yangu alikuwa ananitazama, na nilijua anachokitazama. Lakini hesabu ya mara moja kwangu si hesabu. Nikaanza upya, na nilikuwa sijamaliza walio katikati filimbi ilipolia.

"Na sisi je?" muuza vitunguu akauliza.

Mwenyekiti ndiye aliyejibu, tena kwa upole. "Ninyi mmeridhika, ndugu zangu. Asiyeridhika angesogea."

Msimamizi akatangaza ishirini na wawili kwa kumi na tisa, sawasawa na hesabu yangu. Hakuna kilichoibwa. Ningependa sana kingekuwa kimeibwa.

Mambo ya nchi siyajui, mimi nauza mahindi. Ila redio ya kizimbani inaposema wananchi wa mahali fulani wamechoka na wanataka mabadiliko, naamini kabisa kwamba wamechoka. Huwa najiuliza tu wamesimama wapi.

Jirani yangu alihama wiki ya pili. Tulipakia meza yake kwenye mkokoteni, mimi nikabeba mzani. Neno aliloniambia ni moja: niushike vizuri.

Juzi nilikwenda kwake. Mbuzi hawapo tena, wapita njia hawajaongezeka. Dagaa ameacha kuuza, mtoto mkubwa naye ameacha shule, yuko Namtumbo kwa mjomba wake kwenye tumbaku. Nikaomba maharage sado moja. Akataja bei, nikatoa hela.

"Huombi nikupunguzie?"

"Bei nzuri tu."

"Kaka, miaka kumi na moja hujawahi kukubali bei ya kwanza. Usinifanyie matanga, mimi ni mzima."

Nikaomba anipunguzie. Akakataa. Alipokuwa akipima akaniuliza kama ni kweli uchaguzi wa soko ni mwezi ujao. Nikamwambia ni kweli.

"Anagombea nani?"

"Yeye."

"Na nani?"

"Yeye tu."

"Haya. Safari hii hamtapata taabu ya kusogea."

Akafunga mfuko, akanikabidhi. Mama mmoja alikuwa anapita na mwavuli wake. "Karibu maharage, mama," jirani yangu akamwita. Yule mama akaitikia vizuri tu, akapita.