Matawi Mawili Mbele ya Nyumba ya Mzee Sumaili

Jamani, nakubali kuwasimulia kwa sababu mmenibana, na kwa sababu wengi wenu mmeshaisikia habari hii kutoka kwa watu walioitia chumvi mpaka hailiki tena. Kuna mmoja anapita akisema eti nilizimia nikamwagiwa maji. Uongo. Sikuzimia, ingawa siku ile ningefurahi sana kuzimia. Aibu ni yangu mwenyewe, basi acheni niiseme kama ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya chama kimoja, tulipokuwa bado tunaitana sitwayeni, yaani raia, na kushona abakosti, zile suti zisizo na tai, hata za kuolea, na mimi nilikuwa kijana wa ofisi ya mipango ya ardhi hapa Kindu. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, meza mbili, na ramani moja iliyoliwa na mchwa upande wa Kailo (ndiyo maana Kailo hatukuwahi kuipangia kitu). Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni Kisangani, na mali kubwa niliyorudi nayo ilikuwa maneno. Hifadhi ya barabara, yaani ile nafasi ya pembeni ambayo mtu hajengi ili siku moja njia ipanuliwe. Ukanda wa kinga, yaani miti inayoachwa kando ya mto ili udongo usichukuliwe na maji. Shamba la kupumzishwa. Na lile lililokuwa jipya kabisa, maendeleo ya kudumu, ambalo nilikuwa nalitamka polepole, macho nimeyafumba kidogo. Niliyapenda maneno yale kupita kiasi, mtu akinisalimu tu nilikuwa natafuta mahali pa kuyachomeka.

Na aliyenisikiliza bila kupiga miayo alikuwa mmoja, Feza, binti wa Mzee Sumaili. Nilimpenda sana, sifichi. Mzee Sumaili alikuwa amefanya kazi ya reli mpaka akastaafu, akajenga nyumba yake ya matofali pale kwenye kona ya avenue yao, yaani mtaa wao, matofali aliyoyachoma mwenyewe, na mbele akapanda michungwa. Mke wake alikuwa ameshafariki, wakabaki yeye na Feza, wanalima mpunga ng'ambo ya mto. Nilipotuma wazee wangu kuposa hakukataa wala hakukubali. Aliniita akanikalisha kwenye kiti, akaniangalia kuanzia viatu.

"Wewe njo mutu wa kupimapima viwanja vya watu," akasema. "Ngoja nikuangalie kwanza. Mpunga ukiisha kuvunwa, nitakupa jibu."

Basi nikawa naishi kwa kungoja mpunga wa mtu mwingine uive.

Katikati ya kungoja huko, Direkta wetu wa Kinshasa akaleta habari kwamba anakuja kukagua. Alitaka mambo mawili tu. Kwanza, mpango wetu wa kupanua ile avenue ya kina Feza aukute ardhini, uonekane kwa macho, asiletewe karatasi. Pili, wananchi wa avenue ile wawe wameelezwa. La pili lilikuwa la kuzunguka nyumba kwa nyumba, kukaa, kunywa kahawa ya kila mtu, kujibu maswali ya kila bibi, nikaona hiyo ni kazi ya kumaliza soli za viatu. La kwanza nikaliona rahisi, nikachonga vigingi, nikavipaka rangi nyekundu, nikavipiga kando ya avenue yote, na kesho yake sikukuta hata kimoja. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima, kuni zimelowa, na vigingi vyangu vilikuwa vikavu. Sikumlaumu mtu (baadaye nilikula maharage kwa jirani mmoja, nikaona mabaki mekundu ndani ya jiko, nikanyamaza).

Hapo ndipo nilipopata lile wazo. Nikasema, kitu ambacho hakuna mtu atakichoma ni kibichi. Siku yenyewe ya mgeni, alfajiri, nikaenda nikakata matawi ya mchikichi, nikayachomeka kando ya njia, tawi moja kwa kila kiwanja, pale ambapo hifadhi ya barabara ingeishia. Najua mnachotaka kusema. Nimezaliwa Kindu, najua kama ninyi kwamba matawi ya mchikichi mbele ya nyumba ni matanga, yanamwambia mpita njia punguza sauti, hapa kuna msiba. Lakini matawi hayo hayo si tulikuwa tunawapangia wakubwa wakija kutembelea? Nikajiambia watu wataona ni mapokezi, na kwa kweli kwenye viwanja vingine vyote waliona hivyo hivyo, tawi moja moja, pambo tu.

Shida ilikuwa kwenye kona. Pale mstari wangu ulipinda, kwa hiyo kiwanja cha Mzee Sumaili kikapata matawi mawili, moja huku na moja kule, na njia ya kuingilia nyumbani ikapita katikati, kama kwenye msiba hasa. Mlango ulikuwa umefungwa. Yeye na Feza walikuwa wameshavuka na mtumbwi kwenda shambani. Nikasimama kidogo, nikafikiri ningoje, au nimwachie ujumbe jirani yao Mama Salima, kisha nikasema aa, nitawaambia jioni. Nikaenda zangu kuoga na kuvaa.

Sasa niwaambieni nilichokikuta niliporudi na Direkta na wenzake ndani ya Landrova. Kona imejaa. Wanaume wamekaa kwenye mabenchi kimya, kofia kichwani, wanawake nyuma ya nyumba kwenye moshi wa chai, mikeka imetandikwa mpaka chini ya michungwa, na shehe wa mtaa amekaa mbele kabisa. Walipoliona gari la serikali wote wakasimama. Mimi (Mungu anisamehe) nikaona kifua kinapanuka, nikajua wamekuja kunisikiliza. Kumbe wao walikuwa wanasema serikali haikumsahau mtu wa reli, imekuja kumzika.

"Sitwayeni Amisi," Direkta akaniambia kwa Kifaransa, "sijapata kuona mkutano wenye utulivu kama huu."

Akaanza hotuba, mimi natafsiri. Nikasema maendeleo ya kudumu ni kutumia udongo wetu leo bila kuwamalizia watoto na wajukuu. Wazee wakaitikia, "Amina." Nikashangaa, lakini nikafurahi. Nikasema kitu kilichofanya kazi miaka mingi kikachoka, tukiache kipumzike, na hapo nilikuwa nazungumzia shamba.

"Mungu amupumzishe," akasema bibi mmoja huku akijifuta macho.

Macho hayo ndiyo yaliyonisimamisha. Nikamwinamia Mama Salima aliyekuwa karibu, nikamwuliza, "Mama, munalia nini?"

"We Amisi, hujui? Muzee Sumaili alikufa. Alikufia ng'ambo, wanaume walienda ku mto kupokea maiti."

Mtu mwenye akili hapo angejiuliza nani kaleta habari, lini, kwa njia gani. Zangu zilikuwa zimekwenda likizo. Nilichokiona ni Feza peke yake ndani ya mtumbwi na baba yake amefunikwa, na jibu langu limezama naye, na kilio kikanitoka bila kuniomba ruhusa. Nililia, ndugu zangu. Niliwapita hata wanawake. Nikajitupa kwenye mkeka na abakosti yangu iliyopigwa pasi.

"Baba yangu! Baba mukwe wangu! Aliniahidi Feza! Jana tu aliniita mwanangu!"

(Jana hakuniita chochote. Jana sikumwona hata kivuli.) Watu wakaguswa. Shehe akanishika bega, akaniinua, akanikalisha kwenye benchi la wafiwa, na wazee wakaanza kuja kunipa mkono mmoja mmoja, nami napokea pole. Direkta, ambaye hakuelewa neno, akatoa kitambaa akajipangusa jasho na kuwaambia wenzake kwamba kijana huyu anaipenda sana kazi yake.

Nilikuwa bado napokea mikono nilipogeuza kichwa upande wa mto. Watu wanafungua njia. Wale waliokwenda kupokea maiti wanarudi, wengine wameziba midomo, na mbele yao anatembea maiti mwenyewe, jembe begani, matope mpaka magotini, na Feza nyuma yake na kikapu kichwani.

Mzee Sumaili akafika mpaka kwenye benchi langu.

"Nani alikuahidi Feza?" akauliza.

Shehe akasimama, akamsifu Mungu, akamshika Mzee mabegani kuhakikisha. Kisha akageuka kwa watu.

"Hapa kuliwekwa majani ya mawese, mbele ya mulango. Nani aliyaweka?"

Mimi niliangalia viatu vyangu. Direkta akaniuliza wanasema nini, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba wanauliza habari za yale matawi, na yeye, kwa furaha ya mtu anayejua swali moja katika mtihani, akayanyoshea kidole na kutumia Kiswahili chote alichokuwa nacho: "Majani iko yetu! Amisi njo aliweka!"

Nikawaona wanaume wanasimama, nikahesabu njia za kukimbilia. Mzee Sumaili akawazuia kwa mkono. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Na inasema nini, ile majani yako?"

"Baba, ni hifadhi ya barabara."

"Njo nini ile?"

Neno langu zuri, na sikuwa na mahali pa kujificha ndani yake. Nikamwambia ni nafasi ya njia, siku wakitaka kuipanua.

"Na ile njia itafika wapi?"

Nikaonyesha. Michungwa. Jiko. Ukuta wa chumba cha mbele. Alifuata kidole changu mpaka mwisho, akakaa chini kwenye benchi la wafiwa, pale pale nilipokuwa nimekaa.

"Basi hawa watu hawakukosea," akasema. "Walikuja mu matanga, na matanga iko. Wewe tu njo hukuniambia kama nyumba yangu njo ilikufa."

Nilitamani anipige. Direkta alipanda gari, akaniacha. Watu walimaliza chai kwa sababu ilikuwa imeshachemka, wakakunja mikeka, wakaondoka, na kabla ya kufika kona ya pili walikuwa wanacheka. Feza alibaki. Alitua kikapu, akaniangalia nilivyochafuka.

"Ulipita hapa asubuhi, Amisi," akasema, "ukakuta mulango umefungwa. Ulishindwa kungoja?"

Mpunga ulipovunwa nilikwenda na wazee wangu. Mzee alitupokea vizuri, akatupa kahawa, hata akatania kidogo habari za kilio changu. Kisha akasema, "Wewe si mutu mubaya, Amisi. Lakini ulinililia mbele ya watu wote kama mutoto wangu, na siku ile ile ulipita ku mulango wangu kama mugeni. Binti yangu, hapana." Feza aliolewa na mwalimu mmoja wa Kibombo. Nasikia wanaishi vizuri, na nafurahi, ingawa siku nyingine inaniuma.

Tangu siku ile nimeapa, siweki hata kijiti kwenye ardhi ya mtu kabla sijakaa naye na kumwambia kwa kinywa changu kitu gani kitabaki na kitu gani kitaondoka. Wenzangu ofisini walikuwa wananicheka kwamba nikitumwa kupima avenue moja narudi baada ya juma, tumbo limejaa kahawa. Wacheke tu.

Na ile barabara? Haikupanuliwa. Direkta hakurudi tena, mradi ukafa, na hakuna aliyeuombolezea. Nyumba ya Mzee Sumaili ingali pale kwenye kona, na jiko lake na ukuta wake wa mbele. Katika mpango ule wote, aliyeondolewa kwenye kiwanja kile ni mimi peke yangu.