Kupiga odi pa Bel-Air

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mambo ya kijamii, hapa Lubumbashi, chef, yaani mkuu wangu, hakunionyesha meza. Alinitoa nje, akafunga mlango wa ofisi yake mwenyewe, akaugonga.

"Mama, association ni bantu: banajiunga juu ya kazi ya huruma, hawagawane faida. Fondation ni mali. Muntu anatoa mali yake, anaipa kazi, haiko yake tena. Siku atapiga odi pa nyumba alitoa, ujue fondation imezaliwa."

Aliyeitambua fondation kwa sahihi alikuwa waziri, Kinshasa. Sisi tulitangulia kwenda kuona kama kazi ipo kweli, na kama statuts, yaani kanuni zake, zinasema mali itaelekea wapi kazi ikifa. Ilibidi iende kwenye kazi nyingine ya namna hiyo, si kwa familia. Nilizunguka hivyo mpaka Kasomeno, nikirudi na vumbi kwenye nyusi.

Yaya wangu, dada yetu mkubwa, alikuwa mjane asiye na mtoto. Alitoa nyumba yake ya mtaa wa Bel-Air iwe fondation, makao ya yatima, naye akapanga chumba kwa jirani. Kila asubuhi aliwapelekea mboga, akagonga.

"Mama, si ni nyumba yako?" watoto walimcheka.

"Ilikuwaka. Mufungue, mikono inachoka."

Kisha nchi ikaanguka. Maduka yaliporwa, mishahara ikakatika. Mimi na wanangu tulikuwa tukilala sebuleni kwa shemeji yangu. Katika majira hayo yaya akafa.

Kilio hakijaisha, kaka yetu, fundi wa reli aliyepoteza kazi, aliingia ile nyumba bila kugonga, godoro kichwani. Watoto wakasogea ukutani.

"Weye njo muntu wa bureau, wa ile ofisi," aliniambia. "Sema neno moja, nyumba irudie kwa familia. Utakamata chambre mbili, batoto yako balale muzuri."

Nilikwenda kwa chef. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Weye iko ndugu yake, rapport ya kuandika atafanya mwingine," akasema. "Lakini kuambia kaka yako, ile haiko kazi ya bureau. Ni yako."

Nikarudi Bel-Air. "Kaka, yaya mwenyewe alikuwa anapiga odi hapa. Beba godoro yako."

"Basi sina ndugu tena," akanijibu, akalibeba. Alikufa hatujasalimiana. Yaya nilimlilia pamoja na watu. Kaka namlilia peke yangu mpaka leo, na jibu langu bado lingekuwa lile lile.

Ninyi mnaoshika kazi hii sasa mna sheria mpya na mihuri mizuri. Siwafundishi. Ila mnapotembelea fondation, simameni kidogo nje, mtazame mwenye kutoa mali anavyoingia.

Tangu nilipostaafu, Jumapili baada ya misa napita Bel-Air. Nagonga.

"Ni nani?" sauti ndogo inauliza.

"Mugeni."

"Mugeni wa nani?"

"Wa yaya."

Hawamjui yaya. Wanafungua.