Kisanduku Kilichoponywa

Kila kitu kinachoharibika huku Katuba, fundi wa redio hukinusa kwanza, kisha hukigonga kwa ukucha mrefu wa kidole gumba. Miaka arobaini sasa anaondoa mikwaruzo katika sauti za redio za watu. Juzi kijana Keren alimletea kisanduku cha kukanyagia kwa mguu, cha kupitishia sauti ya gitaa lake, alichokiunga mwenyewe. Kilikuwa bubu, na Jumapili hii Keren angepiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Fundi akanusa, akagonga, akakuta transista imewekwa kinyume. Alipoigeuza, gitaa likalia, lakini kwa kukwaruza. Akaona haya kutoa kazi ya namna hiyo, akachomelea kipande cha kuchuja mikwaruzo, sauti ikatakata kama ya padri redioni. Keren alipokijaribu, uso ukamshuka.

“Papa, umeiponyesha! Mi nilitaka ikwaruze.”

“Ikwaruze? Mwana yangu, kichwa yako iko muzima?”

Hata hivyo akakichomoa kile kipande. Gitaa likanguruma, misumari ikacheza mezani. Fundi akainamia spika, na ule ukucha ukaanza kugonga mdundo bila kumwomba ruhusa. Keren akanyoosha mkono azime.

“Acha kwanza,” fundi akasema. “Na siku kisanduku yako itapona tena, uniletee mbio.”