Leo Nimegombania Baba Dukani

Leo karibu nipigane na mwanamke mzee kama mimi.

Kuna duka hapa mjini inauza picha kubwa za ile vita kuu ya pili ya Wazungu, za kuweka ukutani.

Baba yangu alitolewa shamba la mzungu akapelekwa vita hiyo, mimi bado nanyonya. Hakurudi. Sura yake sijui. Mama aliniambia tu alikuwa na masikio ya kutobolewa, marefu, na akivaa kofia ya askari anayakunja juu.

Sasa naona picha ya askari wanne. Mmoja amekunja masikio hivyo hivyo.

Nikamwita mwenye duka.

"Kijana, nifungie huyu baba yangu."

Mama mmoja wa mtaa wa Munyaka akashika fremu. "Baba yako nani? Huyu ni wangu. Angalia masikio."

Tukavutana. Akanitukana kwa Kikuyu, nikamjibu kwa Kinandi. Watu wanatuangalia.

Mwenye duka akasema polepole, "Kina mama, wanaume wengi siku hizo walikuwa na masikio hivyo."

Tukaachilia fremu.

Yule mama akaanza kulia. Na mimi, ambaye silii ovyo, nikalia.

Nikamwambia, "Wewe unalilia baba, mimi nalilia baba. Basi sisi ni dada. Tumnunue pamoja. Akae kwako wiki hii, Jumapili umlete kwangu tunywe maziwa ya mursik."

Amekubali.

Na kwenu, nani alienda hiyo vita hakurudi? Andikeni jina lake hapa chini. Simu itanisomea kwa sauti.