Trizah na Feni Isiyonyamaza

Trizah Awino alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na labda ndiyo sababu alikuja kutafuta riziki yake kwenye kimya. Mtu aliyelala utoto mzima na gari moshi dirishani ana haki ya kukitamani. Alikodi chumba cha chini Mji wa Kale, kuta zake za mawe nene kama shingo ya mheshimiwa, akaingiza maiki moja nzuri na kompyuta moja mbaya, akaanza kurekodi sauti za watu: wauza magodoro waliotaka tangazo la kuzungushwa kwa tuk-tuk, wanakwaya, wasoma kasida, na bwana harusi mmoja aliyejiona mwimbaji.

Kimya kile kilikuwa na bei yake. Madirisha yalifungwa kutwa, na ukifunga madirisha Mombasa umejipika mwenyewe. Binadamu alipewa maji ya baridi. Kompyuta ilikuwa na feni yake, kifeni kilichoikalia prosesa, ule ubongo wa mashine unaochemka kila ukifikiri. Kilikuwa kimejaa vumbi la chokaa lililomwagika kutoka ukutani, na kadiri joto lilivyopanda ndivyo kilivyonguruma kama kinu cha unga. Maiki nzuri haichagui, husikia yote. Tangazo la magodoro lilitoka kana kwamba wateja wanaalikwa wakalale ndani ya kinu.

Basi Trizah akajitungia njia. Kasha la kompyuta aliliacha wazi ubavuni. Mteja akiwa tayari, yeye huchomoa waya wa feni, mteja akasema lake haraka, kisha waya ukarudishwa kabla prosesa haijazidiwa ikajizima. Tangazo ni fupi, kwaya hupumzika baina ya beti, kwa hivyo mambo yalikwenda. Majirani walimtania: "Kwa Trizah usivute pumzi ndefu, mashine itakata roho nawe ungali hai."

Ndipo Fariha akaja. Alikuwa binti wa pekee wa Mzee Quresh, mwenye duka la nyuzi na vifungo.

"Dada Trizah, Jumatatu Baba anaondolewa koromeo," alisema, hata hajaketi. "Saratani. Madaktari wasema sauti haitarudi tena."

"Pole, mwanangu. Pole sana."

"Ana jambo ataka kunambia, hawezi kulisema mbele yangu. Nimemwachia simu aseme peke yake. Nimesikiliza, ni tuk-tuk na mvumo tu. Sauti yake imekuwa nyembamba hivi." Akabana vidole viwili, hata karatasi isingepita.

Trizah alimwambia amlete Jumapili mchana. Kisha akaitazama kompyuta yake, akaona haya.

Jumamosi alikwenda Mwembe Tayari kwa Dishon, muuza vipuri vya kompyuta vilivyokwisha tumika Ulaya na sasa vinatafuta maisha mapya Afrika. Dishon alimwekea feni mbili mezani. Moja kubwa kama sahani ya pilau, nyingine ndogo, mpya, imebandikwa karatasi ya kusema haina kelele.

"Chukua kubwa, madam," Dishon alisema. "Yazunguka polepole na upepo watosha. Hii ndogo ni kama mtu mfupi kwenye foleni ya feri, lazima apige kelele ndiyo aonekane."

"Kubwa haitaingia kwenye kasha langu. Na bei yake mbona kama yaja na mume?"

"Kasha si liko wazi? Ifunge kwa kamba. Nani atakuja kulipiga picha?"

Trizah aliomba ndogo ijaribiwe. Dishon akaiwasha, Trizah akaitia sikioni. Nyuma yake makanga walikuwa wakiita abiria, fundi akikata bati, na mhubiri na kipaza sauti chake akiwagawia watu jehanamu. Feni haikusikika hata kidogo.

"Si waona? Kimya!" alisema Trizah.

"Madam, hapa hata parapanda ya kiyama haisikiki."

Alicheka, akalipa, akaondoka na ile ndogo. Watu tunapenda kuambiwa na karatasi kile tunachotaka kukisikia.

Jioni aliifunga, akapaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, akafunga madirisha, akawasha. Chumba kikajaa mlio mwembamba, mkali, kama mbu aliyeingia sikioni akakosa njia ya kutokea. Afadhali ule mngurumo. Akampigia Dishon: duka limefungwa, na kesho yake ni siku ya Bwana, hauzi hata msumari.

Jumapili Mzee Quresh aliingia akishikwa mkono na bintiye, kanzu nyeupe, kofia imekaa sawa, shingo imevimba upande mmoja.

"Shikamoo, mzee."

Mzee alijibu kwa midomo. Marahaba yenyewe haikutoka.

Fariha alitoka akakae barazani, mlango ukafungwa. Trizah akazima simu ya mzee, akazima na yake mwenyewe, asije mtu akapiga akaharibu. Akasogeza maiki karibu na midomo ya mzee, akabonyeza kurekodi, akachomoa waya wa feni.

Mzee alisema ukweli wa ndoa yake. Fariha alilelewa akiambiwa kwamba wazee ndio waliopanga. Uongo wa heshima. Quresh alikuwa kijana dukani kwa ami yake, na Amtulla akiteremsha kikapu kwa kamba kutoka ghorofani, anunue uzi. Akitaka wa samawati, Quresh humtilia wa kijani, makusudi, ili kesho kikapu kishuke tena. Mtaa mzima ukamdhania kipofu wa rangi. Hadi siku moja kikapu kikashuka kimejaa nyuzi zote alizokosea, na sauti ikatoka juu: "Kama hujui rangi, mlete babako aje achague yeye."

Mzee alicheka, kicheko cha hewa tupu. Kisha akaanza kumsemesha marehemu mkewe kana kwamba bado yuko dirishani, akimwita kwa jina, mara nyingine kwa kifupi chake. Trizah alikuwa ameushika waya mkononi. Alijua wakati umepita. Lakini ni nani wa kumwambia mtu kama huyo "ngoja kidogo, mzee, mashine yaungua"? Aliona atamaliza sasa hivi. Aliona hivyo tena. Machozi yalikuwa yakimtoka naye hakuyapangusa.

Aliponyanyua macho, kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi.

Programu yake ya zamani haikuhifadhi kitu mpaka iambiwe ihifadhi. Alipoiwasha tena mashine, hapakuwa na hata neno. Mzee Quresh alielewa kabla hajaambiwa. Akajaribu kuanza upya, kooni pakatoka mkwaruzo, kisha kikohozi chenye damu. Fariha akaingia mbio.

Alhamisi Trizah alikwenda wodini. Mzee alikuwa amelala na tundu shingoni, mikono miwili imechomwa sindano za maji. Trizah alikiri yote mbele ya Fariha. Kisha akaisimulia ile hadithi mwanzo mpaka mwisho, kikapu, nyuzi, na jibu la ghorofani, na mzee akafumba macho kuonyesha kwamba ndivyo.

Fariha alimnyooshea babake shuka.

"Nzuri," alisema. "Lakini hadithi ningeweza kuandikiwa, dada. Mimi nilitaka sauti yake."

Fariha akasogeza kiti karibu na Trizah.

"Alimwitaje mama? Sema vile alivyosema yeye."

"Amtulla," alisema Trizah, kwa ulimi wake wa bara uliokanyaga kila herufi.

"Siyo hivyo. Jaribu tena."

Akajaribu tena. Kitandani mzee alifumbua macho, midomo yake ikalitamka lile jina taratibu, lote, na shingoni ikatoka hewa. Fariha aliinama juu yake, akatega sikio.