Siku Mama Povu Alipomposa Mwokaji

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa dobi mkuu wa kituo cha manowari. Pale kituoni, kuanzia kamanda mpaka mfagizi, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Waliomjua wote walimwita Mama Povu, naye aliitika kwa raha zake. Alikuwa mwanamke wa kujaza mlango, mikono imekakamaa kwa sabuni, na sauti yake ilitosha kumwamsha aliyelala ng'ambo ya bandari. Mimi nilikuwa mpiga pasi wake. Na kwa kuwa mawifi hawaishi kutaniana, haikupita siku bila kunikumbusha kwamba kaka yake angeweza kumpata mwanamke anayejua kukunja shati.

"Angeweza," nilimjibu, "lakini wenye akili walikuwa wameshamkataa."

Basi hapo tulicheka, na mvuke wa maji moto ukatupanda usoni, na kazi ikaendelea.

Ng'ambo ya uwanja, mkabala na jengo letu la kufulia, kulikuwa na jiko la mikate. Mwokaji wake tulimwita Hamira. Huyu alikuwa mrefu mwembamba, mpole, mjane kama wifi yangu alivyokuwa mjane, na alimpenda Mama Povu mapenzi ya kuonewa huruma. Kila asubuhi alivuka uwanja na mkate wa moto uliofungwa kwenye kitambaa, akauweka juu ya meza ya pasi, akakohoa.

"Mama Povu, ule mfuko wa maneno yangu ya posa bado uko wazi."

"Mkate naupokea," wifi yangu alisema bila kuinua macho. "Maneno rudi nayo, yasije yakapoa."

"Lakini sababu ni nini?"

"Sababu? Nilifua nguo za mwanamume mmoja miaka chungu nzima, sikupata hata asante. Sasa nafua za wanaume elfu, na mwisho wa mwezi nalipwa. Wewe ungekuwa mimi ungerudi nyuma?"

Hamira alicheka kwa adabu, akaenda zake kichwa chini. Mimi nilikuwa nikimwonea huruma, lakini mkate wake nilikula.

Vita vilikuwepo, ndiyo, ila kwetu vilikuwa vita vya redioni. Vilipiganwa mbali, na mtangazaji alivisoma kama mtu anayesoma hali ya hewa. Manowari zilikuwa zimepangwa bandarini bega kwa bega, zimesuguliwa zinang'aa, kwa sababu kulikuwa na ukaguzi mkubwa kesho yake. Na ukaguzi maana yake ni sisi. Sare zote za gwaride za maofisa zilikuwa kwetu: nyeupe, zimetiwa wanga, zimening'inia safu kwa safu mpaka ukizitazama macho yanauma. Suruali ya kamanda mwenyewe ilikuwa mezani chini ya pasi yangu.

Tuliposikia ngurumo ya ndege tulidhani ni mazoezi.

"Hawa nao," wifi yangu alisema, "kelele zote hizi na nguo zimeanikwa nje."

Kisha dunia ikapasuka. Sina neno jingine. Vioo vya madirisha vilimwagika ndani kama mchele, sakafu ikaruka, ndoo zikacheza zenyewe. Tulijikuta chini ya meza ya pasi, mimi na yeye, tumebanana kama sahani kabatini. King'ora kililia baadaye, mabomu yakiwa yameshaanguka, kama mgeni anayebisha hodi akiwa tayari amekaa sebuleni. Bandarini kitu kikubwa kililipuka, tukahisi joto lake likipita juu ya paa.

Hapo ndipo nilipokumbuka.

"Wifi! Pasi! Nimeiacha juu ya suruali ya kamanda!"

Mama Povu alinitazama. Bomu jingine likaanguka. Akatoka chini ya meza kwa magoti na viganja, akiwa amejipinda kama kobe, akainyanyua ile pasi, akaiweka wima, akarudi.

"Una wazimu!" nilipiga kelele.

"Adui ataniua," alisema, akihema, "lakini suruali ya kamanda haitaungua mikononi mwangu!"

Na papo hapo debe la wanga likaanguka kutoka rafuni, likatumwagikia. Tukawa weupe kuanzia nywele mpaka kope. Nilimtazama, naye akanitazama, na kicheko kikatushika. Si kicheko cha furaha, wala si cha kichekesho. Ni kile kicheko kinachotoka chini ya tumbo mtu anapogundua bado ana tumbo. Tulicheka mpaka tukakosa pumzi, tukishikana mikono, na kila bomu lilipoanguka tulicheka zaidi, machozi yakichora mistari kwenye wanga.

Ndege zikaondoka ghafla kama zilivyokuja. Tulipochungulia dirishani, bandari ilikuwa moshi mtupu. Manowari mbili zilikuwa zimelala ubavu, moja ikiwaka moto. Na ng'ambo ya uwanja, jiko la mikate halikuwa na paa.

Mama Povu aliacha kucheka.

Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akikimbia. Alikuwa akisema kukimbia ni kazi ya watu wasio na heshima. Siku ile aliukata uwanja mguu niponye, kanga imefunguka, wanga ukimfuka mgongoni kama moshi, na mimi nyuma yake nikishindwa kumfikia. Njiani tulipita askari waliokuwa wamepanga mstari wa kupitishiana ndoo za maji, wakatupisha wenyewe.

Ndani ya jiko kulikuwa na vumbi la unga kila mahali. Wifi yangu aliita mara moja, sauti ikamkatika. Aliita tena. Kwenye kona, lile hori kubwa la kukandia unga lilikuwa limepinduka juu chini, na chini yake kitu kilikuwa kikigonga, ngo, ngo, ngo. Tukalishika wawili tukalipindua.

Hamira alikuwa ndani ya donge la unga. Alikuwa amejirusha horini bomu lilipolia, hori likampindukia, na unga wa mikate ya kituo kizima ukamkumbatia. Ulikuwa masikioni, puani, kwenye nyusi. Shati lake lilikuwa limechanika vipande vipande. Lakini macho yalikuwa wazi, na yalikuwa yakimtafuta mtu mmoja.

"Mama Povu," alisema, "nadhani nimeumuka."

Wifi yangu alikaa chini palepale kwenye vumbi. Akacheka, akalia, akampangusa unga machoni kwa pindo la kanga. Kisha akasema neno ambalo sikutegemea kulisikia.

"Hamira, nioe."

Hamira akatabasamu kwa upole. "Eh?"

"Nimesema nioe!"

"Samahani, mama. Masikio yanalia ngiii. Sisikii kitu."

Mama Povu akavuta pumzi mpaka kifua kikapanda, na akaitumia ile sauti yake yote.

"NIMESEMA, NIOE! NIOE, MWANAMUME WEWE! LEO, KESHO, SIKU YOYOTE UTAKAYO!"

Nje, mstari wa ndoo ukasimama. Askari mmoja akajibu kutoka kwenye moshi, "Jamani, muoe mwenzio, sisi tuna moto wa kuzima!" na mstari mzima ukalipuka kwa kicheko na vifijo. Watu wale nyuso zao zilikuwa masizi, wengine walikuwa wakitetemeka tangu ndege zilipokuja, na wakashangilia kama watu waliofunga bao. Hamira alikuwa hajasikia bado. Ilibidi nimwonyeshe kwa vidole: wewe, yeye, pete. Alipoelewa, unga wote usoni ulipasuka kwa tabasamu.

Hatukukaa. Mabaharia waliojirusha kutoka kwenye meli iliyowaka walikuwa wakitoka majini karibu na jengo letu, weusi kwa mafuta, wengine bila nguo, wakitetemeka meno yakigongana. Mama Povu akavaa tena udobi wake.

"Wifi, leta mafuta ya taa na sabuni! Waoshe, wakaushe, wavishe!"

"Niwavishe nini? Hapa kuna sare za gwaride tu!"

"Basi wanakwenda gwaride!"

Tukawavisha. Mchochea makaa akapata sare ya nahodha. Mpishi akawa mhandisi mkuu. Baharia mmoja mfupi alipewa koti lililomfika magotini, akalitazama, akasema, "Nimepandishwa cheo na kupunguzwa kimo siku moja." Waliokuwa wameungua tuliwafunika kwa mashuka laini tukawapeleka kwa madaktari. Waliosalia walianza kucheka, mmoja baada ya mwingine, kama homa inayoambukiza.

Hamira naye alikuwa nusu uchi, na kilichobaki kumfaa kwa urefu ni sare ya kamanda. Nikamvisha, suruali ile ile iliyonusurika. Akatoka nje kuvuta hewa, na hapo patashika nguo kuchanika ikaanza. Kundi la askari wageni, walioletwa kusaidia kutoka kambi nyingine, walimwona, wakabana visigino, wakapiga saluti.

"Mheshimiwa, tuanzie wapi?"

Hamira hakusikia hata herufi moja. Alionyesha sikio lake. Wakaelewa anataka simu. Wawili wakatimka kwenda kuitafuta. Alipunga mkono kukataa, na pale alipopungia palikuwa na ghala lililokuwa likianza kufuka moshi. Wengine wakaliendea na mipira ya maji. Akashika kichwa kwa kuchanganyikiwa. Wakavaa helmeti. Kila alivyozidi kuhangaika ndivyo kazi ilivyozidi kwenda.

Tukiwa mlangoni tumeshikilia mbavu, akaja mzee mmoja mnene kutoka upande wa gati, amelowa mafuta, kiunoni amejifunga kitambaa cha meza cha ukumbi wa maofisa. Alisimama akamtazama Hamira kwa muda.

"Huyu," akauliza, "ni nani aliye ndani ya suruali yangu?"

Mama Povu alijitokeza mbele.

"Ni mchumba wangu, mheshimiwa. Nimempata leo asubuhi. Haelewi kitu kwa sababu hasikii, na suruali nimempa mimi."

Kamanda alitazama moshi, akatazama meli zake, akatazama kile kitambaa cha meza chenye maua. Midomo ikamtetemeka. Nilidhani atalia, na labda alikuwa karibu kulia. Lakini aliangua kicheko mpaka ikambidi ashike nguzo.

"Muacheni aendelee," alisema akijifuta macho. "Mambo yanakwenda. Mimi nipeni aproni."

Akavaa aproni ya Hamira, akaenda kwenye mipira ya maji pamoja na askari wake, na hakuna aliyemtambua mpaka mchana.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Watu walikufa siku ile, vijana tuliowajua kwa vifungo vyao vinavyokatika na soksi zao zenye matobo. Wiki zilizofuata wenye nguo wengi hawakuja kuzichukua. Mama Povu hakuruhusu zitupwe wala zirudishwe ghalani. Alizifua moja moja kwa mkono, mimi nikazipiga pasi, na mama zao walipokuja alizitoa zimekunjwa vizuri, zinanukia jua. Mama mmoja alizika uso wake kwenye shati la mwanawe, kisha akauliza, "Alikuwa mtundu?"

"Mtundu sana," wifi yangu akamwambia. "Aliwahi kunifichia ndoo zangu zote juu ya mlingoti."

Yule mama akacheka huku analia, na wakakaa pamoja mpaka chai ikaisha. Ndipo nilipoelewa kuwa kicheko cha chini ya meza hakikuwa wazimu.

Harusi ilifanyika kituo kilipoanza kusimama tena, mchana wa jua kali, ndani ya jiko la mikate lililokuwa bado halina paa. Sikio moja la Hamira lilikuwa limepona. Kamanda alikuja na suruali yake, akacheza muziki vibaya kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mume wangu alimkabidhi dada yake, akamnong'oneza bwana harusi, "Shemeji, hatupokei marejesho."

Katikati ya sherehe wale wa king'ora wakaamua kukijaribu bila kumwambia mtu. Kililia, na kufumba na kufumbua ukumbi ukawa mtupu: wote tulikuwa chini ya meza, kamanda, mabaharia, bibi harusi na gauni lake. Tulipojua ni majaribio hakuna aliyetaka kutoka. Mtu akavuta sahani chini, mwingine akashusha jagi la sharubati, mpiga ngoma akaanza kugonga ubao wa meza juu ya kichwa chake. Tulikula karamu yote humo, tumebanana, tukipitishiana vipande vya keki kati ya miguu ya viti.

Waliishi pamoja miaka mingi. Baada ya vita walifungua duka la mikate mjini, na mbele yake Mama Povu akaning'iniza kamba zake za kuanikia, kwa hiyo wateja walinunua mkate wakiinama chini ya mashuka. Waligombana kila siku, wakapatana kila siku, na mtaa mzima ulikuwa ukijua wanagombania nini. Nikipita hapo, alikuwa akinipa mkate wa moto na kuniuliza kama nimeshajifunza kukunja shati. Nami nilikuwa nikimjibu, "Bado, lakini kaka yako hajalalamika."