Walilitaka na Kutu Yake

Hoteli ilisema lori lisiguswe, na hilo ndilo lililonipandisha hasira. Wangesema wanalitaka tu, labda ningenyamaza, maana baba alikuwa ameshakufa na lori lake lilikuwa nyuma ya maghala ya mtaa wa Malindi, karibu na bandari, miaka miwili bila kuwashwa, kuku wa watu wanataga chini yake. Lakini walisema lisiguswe. Kutu ibaki, rangi iliyobambuka ibaki, hata kioo kilichopasuka kibaki hivyo hivyo. Walitaka kuliweka mbele ya lango lao huko pwani ya kusini, wajaze udongo kwenye bodi, wapande maua, wageni wapige picha.

Aliyeniletea habari hiyo ni kaka yangu, na aliileta kwa furaha. Yeye anatembeza watalii, anajua wanachopenda, na alikuwa ameshazungumza na meneja wa hoteli waje kulichukua baada ya Idi. Kadiri lilivyochakaa, alisema, ndivyo bei yake inavyopanda. Mama, ambaye naye ana fungu lake katika urithi, alisema tukielewana sisi wawili yeye hana neno.

Mimi nilikuwa nalo. Ninaishi na mama katika nyumba ya zamani, ukuta wa mbele umemeguka na hatuna uwezo wa kuutengeneza, na ni nadra nianike nguo bila mtu kuja kuupiga picha. Mmoja aliwahi kuniomba nisogee kidogo, eti namziba. Nikasogea, na hadi leo hasira hiyo haijanitoka. Sasa na lori la baba? Lori lililobeba saruji ya bandarini, mwani wa Makunduchi na vitanda vya maharusi wa nusu ya mji huu, likawe chungu cha maua? Nikamwambia kaka sitaki. Nataka lipakwe rangi, lirudi kazini. Akacheka, akauliza atakayelipaka ni nani.

"Mie," nikamwambia. "Ntalipaka mwenyewe, na weye utaona."

Ramadhani ilikuwa imeingia na skuli ninayosomesha imefungwa. Nikanunua msasa, nikavaa ovaroli ya baba, nikajifunga kanga puani, nikaanza. Mwanamke wa makamo, tena amefunga, anasugua lori hadharani: maneno hayakukawia. Bibi mmoja jirani akataka kujua kama vumbi lote lile halinifunguzi. Nikamjibu kwa adabu kwamba saumu yangu naijua mwenyewe. Kaka alisema hajui atauweka wapi uso wake. Nikamwambia auache pale pale ulipo, mimi nina kazi.

Na kazi yenyewe, nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Kila nilipopitisha msasa nilikuwa naishusha bei ya hoteli, na nilijua. Baba alikuwa akilipaka lori kwa burashi kila alipopata kopo la rangi ya bei nafuu, bila kuiondoa ile ya zamani, kwa hiyo nilikuta kijivu, chini yake maruni, chini yake buluu ambayo nilizaliwa nikaikuta. Nilidhani buluu ndiyo mwisho. Nilipouvua mpira wa mlango, mahali ambapo jua halikupata kufika, nikaona rangi mbili: juu krimu, chini kijani cha jani la mgomba, na katikati yake mstari ulionyooka kiasi ambacho mkono wa baba usingeuweza kamwe.

Nikamwita mama aje atazame. Akasema hiyo ndiyo rangi ya kiwandani, na ndivyo lori lilivyoteremshwa bandarini. Baba wakati huo alikuwa dereva tu wa tajiri mmoja wa Kihindi, ambaye baadaye alimuuzia, na siku ya kwanza baba alivua viatu kabla ya kupanda. Mama aliyasema hayo huku akikisugua kile kijani kwa kidole gumba. Tangu hapo sikuwa na swali tena nalipaka rangi gani.

Baada ya msasa mkavu huja msasa wa maji, wa kulainisha. Mfereji wetu wa nyumbani ulikuwa hautoi maji, kama ilivyo desturi yake, nikateka maji ya kisima cha uani. Nikasugua, nikaosha, nikaliacha likauke. Nikapaka praima, ile rangi ya kwanza ya chini, nikaazima kompresa ya kupulizia, nikapuliza krimu, kisha nikaifunika kwa tepu na magazeti nikapuliza kijani. Nilipoyabandua magazeti na kuuona ule mstari umenyooka, nikatamba mtaa mzima. Nilimpelekea kaka picha kwa simu, na sikuandika chochote.

Zilipobaki siku chache Idi iingie, boneti ikaota malengelenge. Kisha milango nayo. Ukibonyeza lengelenge linapasuka, na ndani mna maji. Mama akauliza niliosha kwa maji gani, na kabla sijamjibu nilishajua. Kisima chetu kiko hatua chache tu kutoka baharini. Tangu utotoni najua maji yake hayatoi povu la sabuni, na chumvi yake inabaki juu ya ngozi ukishajifuta. Nilikuwa nimeipaka chumvi praima na rangi juu yake, nikaifungia ndani.

Kaka akaja kutazama. Akabonyeza lengelenge moja, akajifuta kidole kwenye suruali.

"Hata lenyewe halitaki," akasema.

Nililia pale pale mbele yake, tena si kwa huzuni, kwa hasira tupu. Kisha nikaokota msasa na kuanza kuikwangua boneti upya huku machozi hayajakauka. Akaondoka bila kuaga.

Maji matamu ya kuaminika yalikuwa kwake, Michenzani, kwenye tangi la jengo lao. Sikuwa na njia nyingine. Nikakodi mkokoteni, nikaenda na madumu hadi mlangoni kwake, na wifi yangu akanijazia bila kuuliza kitu. Nilipojiandaa kwenda safari ya pili, nikakuta gari ya kaka ya kubebea watalii imesimama kwenye maghala, viti vimekunjwa, madumu yamejaa ndani. Akasema nisidhani ananisaidia. Hataki tu mke wake aulizwe kwa nini wifi yake anasukuma mkokoteni mjini. Nikamwambia sikudhani.

Akashusha madumu, akabaki anatazama ninavyosugua kona ya paa. Kabla ya mambo ya utalii, yeye ndiye aliyekuwa utingo wa baba, miaka akipanda na kushuka lori lile na magunia mgongoni. Hakuweza kuvumilia. Akaninyang'anya msasa, akasema pale pana kibonyeo cha tangu wanabeba mawe, nisipoweka puti ya kukijaza nitajichosha bure. Tukafanya kazi pamoja hadi magharibi ikaadhiniwa, tukafungua kwa tende tukiwa tumeegemea tairi, na bado tunagombana. Aliendelea kushikilia kuwa neno lake kwa hoteli ni neno, lori litauzwa. Nikashikilia kuwa haliuzwi. Siku iliyofuata akaja tena, na betri. Lori likakohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka. Tulipopuliza rangi mara hii, aliyeibandika tepu ya mstari alikuwa yeye.

Meneja wa hoteli alikuja siku chache baada ya Idi, mtu mpole, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Alilizunguka lori kwa uso wa mtu aliyekuja kutoa pole. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti kivulini, mimi na kaka tumesimama kando ya boneti. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumpa, na sikupata nafasi ya kuyatoa, kwa sababu alipomaliza kuzunguka alitabasamu akasema tusiwe na wasiwasi, halijaharibika moja kwa moja. Wanaye fundi anayewachakazia meza mpya na milango mipya ili ionekane ya kale. Atalikwangua hapa na pale, atalimwagia tindikali kidogo kwenye milango, na kwa wiki moja litakuwa limerudi lilivyokuwa. Bei, alisema, itabaki ile ile.

Nilimtazama kaka. Huyu ndiye aliyeahidi, na kwa hesabu ya urithi fungu lake ni kubwa kuliko langu. Akisema ndiyo, siwezi kumzuia. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti, na kucha zake bado zilikuwa na kijani.

"Samahani, bwana," akasema. "Kesho lina kazi."

Meneja akauliza kazi gani.

"Kazi ya lori."

Meneja akashukuru, akaingia kwenye gari yake akaenda zake. Hapakuwa na kazi yoyote, na sisi sote tulijua. Ilipofika asubuhi kaka akapanda upande wa dereva, nami upande wa utingo, tukaenda kuitafuta.